Njia Ilipokufa Mbele ya Kwetu

Tawi la avoka likikatwa bichi na kuachwa juani halinuki kama tunda lake. Asubuhi linanuka kama majani ya chai yaliyomwagwa. Kufika mchana, majani yakishaanza kujikunja, harufu inageuka tamu, utamu ule wa kuchosha. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya pikipiki na mfuko wa nywele za kusuka mapajani, tukaingia avenyu moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi, na dereva akapunguza mwendo na kuzima muziki wake. Matawi yalikuwa yamesimikwa katikati ya njia, na viti vya plastiki vimepangwa pembeni. Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa. Matawi njiani ni kilio, kuna mtu amekufa, pita polepole. Nilipaswa kuinamisha uso kama watu wote. Lakini harufu ilinipata puani, na mimi nikaanza kucheka peke yangu, mpaka dereva akageuka kuuliza kama niko mzima.

Nilikuwa mzima. Ni vile tu nilikuwa nimerudi utotoni, mbele ya lango letu pale Bel-Air, siku ambayo avenyu nzima ililia na hakuna aliyekufa.

Yote yalianza na mvua. Si mvua ya kutisha kuliko zingine, ila ilikaa. Asubuhi nilimsikia Papa nje akisema Kifaransa peke yake, na Papa akisema Kifaransa peke yake, jueni kuna kitu kimemzidi. Nikatoka na miguu mitupu. Lori la matofali lilikuwa limepiga magoti mbele ya kwetu. Gurudumu la mbele halikuonekana, lilikuwa limeingia ndani ya njia kama mguu unavyoingia ndani ya kiatu. Chini ya njia ile kulipita bomba la maji, na bomba lilikuwa likivuja siku nyingi bila mtu kujua. Udongo ulikuwa umeliwa pole pole, likabaki ganda tupu la lami juu, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Lori liligusa tu.

Walipolitoa lile lori kwa kamba na kelele, shimo likafungua kinywa vizuri. Lilianza kwenye lango letu likaenda karibu kugusa ukuta wa jirani wa mbele. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, na maji yakizunguka polepole chini.

Ya Deo, yaani kaka Deo, kijana aliyekuwa akitengeneza radiateri chini ya mabati karibu na kwetu, alichungulia, akatikisa kichwa, akasema, “Njia imekufa.”

Sasa, sisi watu wa Lubumbashi kila kitu kwetu kinakufa. Redio inakufa, kiatu kinakufa, simu inakufa na kesho inafufuka. Hilo nililijua. Redio yetu ilikuwa imekufa mara nyingi. Lakini redio ilipokufa hakuna mtu aliyewasha moto wala kuleta viti. Siku ile wanaume walipanda mti wetu wa avoka, wakakata matawi makubwa, wakayasimika pande mbili za shimo ili magari yasiingie. Kufika jioni wakaweka gogo, wakawasha moto, ili dereva asiyejua njia aone kwa mbali. Na moto ukishawaka, wanaume watakosa wapi kukaa? Wakaleta viti. Wakakaa wamekunja mikono, wakisema mambo kwa sauti ya chini. Wamama wakasimama pembeni na mikono mashavuni, wakisema, “Pole, vraiment, pole.”

Mimi nilitazama matawi, nikatazama moto, nikatazama viti, nikaelewa. Njia yetu ilikuwa mtu, na sasa ilikuwa imekufa kweli.

Nilimuuliza Ya Deo ilikufa kwa ugonjwa gani. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini alinijibu na uso mkavu.

“Tumbo ilipasuka, mudogo. Ilikunywa maji mingi.”

Ilinihuzunisha. Kesho yake niliichukulia kipande cha bukari, ugali wetu, juu ya jani, nikakisukuma ndani ya shimo wakati watu hawatazami. Nilidhani labda ilikufa bila kula.

Maisha ya avenyu yakageuka. Wauza makala ya kupikia, wale wanaosukuma baiskeli zilizojaa magunia mpaka mtu haonekani, waliacha kupita kwetu, na wamama wakawa wanabeba makala kichwani kutoka njia kubwa. Maji ya bomba yalikatwa. Teksi ikikuleta inakushusha mbali, na ukiwa na mgonjwa au gunia la unga, hiyo ni shauri yako. Mtu fulani alileta ubao mrefu kutoka mahali wanapojenga, wakaulaza juu ya shimo, na huo ndio ukawa njia. Kwetu kulikuwa upande wa ndani. Upande wa pili, unaokwenda njia kubwa, sisi watoto tukauita Zambia. Tuliweka jiwe kwenye ncha ya ubao, tukawa duane, watu wa forodha. Mkubwa akija, tunanyosha mkono. “Paspoti.” Wengine walitutukana. Baba mmoja mnene alitutolea kadi yake ya ubatizo.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na jambo ambalo shimo lililifanya kuwa zito zaidi. Mama alikuwa na mimba, na tumbo lilikuwa limeshuka, karibu kuzaa. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa. Kwetu mwanamke hazai hivi hivi kama kuku nyuma ya nyumba. Lazima awe na mtu wa upande wake, wa kumkanda na maji ya moto, wa kumpikia uji, wa kumfukuza kitandani akijifanya ana nguvu. Mtu huyo alikuwa amebaki mmoja tu duniani, dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita Mama-mukubwa, aliyekaa Makomeno. Na Mama-mukubwa hakuwa anakanyaga kwetu.

Sababu ilikuwa Papa. Papa ni Mukasai, mtu wa Kasai, muuza vitambaa. Familia ya Mama ni watu wa kaskazini ya Katanga, watoto wa mfanyakazi wa reli. Kulikuwa na miaka, kabla ya mimi kuzaliwa, ambayo wakubwa hawapendi kuieleza mbele ya watoto, miaka ya watu wa huku kuwafukuza watu wa kule. Katikati ya miaka hiyo Mama akampenda Papa. Mama-mukubwa, ambaye ndiye aliyemlea, alisema mbele ya familia yote kwamba ile nyumba hataingia, ila kilio ndicho kitamwingiza. Mimi nilimjua kanisani tu. Misa ikiisha Mama ananisukuma mbele nikamsalimie, ananishika kidevu, ananipa biskuti, anauliza kama ninakula. Mama anasimama nyuma yangu. Wanasalimiana kama watu waliopanda basi moja.

Mimba ilipokua, Mama alimtumia ujumbe kwa watu wa parokia. Ujumbe ulirudi na salamu tu. Baada ya shimo, niliona Mama anasimama langoni jioni, mkono kiunoni, anautazama ule ubao. Papa alimwambia asihofu, siku ikifika atambeba mwenyewe. Mama akamjibu kwamba si kubebwa anakokuhofia. Kila jioni tangu siku ile Papa alirudi kutoka dukani na gunia la vipande vya matofali begani, akalimwaga shimoni. Shimo lilimeza, likakaa kimya.

Sasa wazia mtu anapita na basi kwenye njia kubwa, anatupa jicho avenyu yetu, anaona matawi, moshi, wanaume kwenye viti, yote sawasawa mbele ya lango letu. Mama mmoja wa parokia aliona hivyo. Alikwenda Makomeno na habari aliyoiona kwa macho yake.

Ilikuwa mchana. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula, nimebaki duane peke yangu. Nikaona mwanamke anatoka njia kubwa, kikwembe kimefungwa kiunoni kwa nguvu, kichwa kitupu, bila kitambaa. Anatembea haraka, haangalii watu. Ni Mama-mukubwa. Nilifurahi mpaka nikasahau paspoti. Alipita juu ya ubao bila kuutazama, akaniinamia, akanishika mabega. Hakutaja jina. Anayefika kilioni hataji jina haraka, kinywa kinakataa.

“Ni lini, mama?” Huyo mama ni mimi, ndivyo alivyoniita.

“Ile siku,” nikasema. “Na ile mvula.”

“Namna gani?”

Nilikuwa najua jibu, nilikuwa nimemuuliza Ya Deo. “Tumbo ilipasuka. Maji ikatoka mingi, mingi. Banaume balikuya kusaidia, balishindwa.”

Aliniachia mabega, akajifunika kinywa kwa viganja. Mimi nikaona kwamba hatimaye nimepata mtu mkubwa anayeihurumia njia jinsi ninavyoihurumia mimi, na roho yangu ikamfungukia kabisa.

“Balisha kuzika?” akauliza.

“Bado. Beko nangojea mutuka ya majiwe,” nikasema, lile lori la mawe la kufukia shimo.

Alilia. Sijawahi kusikia sauti vile, na sasa nimesikia vilio vingi. Aliketi chini katika matope na kikwembe chake kizuri, mikono kichwani, akamwita Mama kwa jina la utotoni, jina ambalo mimi sikulijua, akamwambia amrudishie maneno yake, maneno aliyosema si ya moyo, arudi tu ayachukue. Sikuelewa kwa nini anamtaja Mama katika habari ya njia. Nikadhani ni namna yao ya kulia, watu wa reli.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sombe, majani ya muhogo. Akasikia kilio langoni. Sasa, mwanamke wa kwetu akisikia kilio haulizi kwanza. Anafunga kikwembe, anatoka analia, atauliza njiani. Ndivyo Mama alivyofanya. Alidhani ni jirani wa mbele, aliyekuwa mgonjwa. Akatoka na tumbo lake mbele na maji ya sombe mikononi, akilia kwa sauti yote. Jirani wa mbele, yule mgonjwa mwenyewe, akasikia vilio viwili, akatoka na blanketi lake akilia. Wamama wakatoka kila parsele, kila kiwanja. Ng'ambo, kule Zambia, wakasikia, wakapanga mstari kwenye ubao wapite mmoja mmoja, wakilia. Wanaume walisimama kwenye viti vyao, wakavua kofia. Mimi pia nikalia, maana niliona kwamba saa ya mazishi ya njia imefika.

Ya Deo ndiye aliyekuja akiwa na grisi mpaka kiwikoni, akauliza kwa adabu, “Pardon bamama, ni nani alikufa?”

Kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Wa kushoto alikuwa akimlilia wa kulia. Mwisho vidole vyote vikafika kwa Mama-mukubwa, kwani ndiye aliyeanza, na Mama-mukubwa akainua uso kumwonyesha aliyekufa, akamkuta amesimama mbele yake, analia.

Walitazamana.

“Yaya?” Mama akamwita dada yake.

Mama-mukubwa aliinuka polepole, akanyosha mkono, akaugusa uso wa Mama, kisha akakiweka kiganja chake juu ya tumbo na kukiacha pale. Nadhani mtoto alipiga teke, kwa sababu aliuondoa mkono kama ameunguzwa, halafu akaurudisha.

“Balisema ulikufa,” akasema. “Huyu mutoto yako alisema tumbo yako ilipasuka.”

Watu wote wakanigeukia. Nikasema sikusema tumbo ya Mama, nilisema tumbo ya njia. Halafu jirani mgonjwa, ndani ya blanketi, akaanza kucheka, na kicheko kile kilipita kwa watu kama kilio kilivyopita, mlango kwa mlango, mpaka Zambia. Ya Deo alikalia gurudumu akipiga mapaja. Mtu akasema njia hii imezaliwa na bahati, hata shefu wa avenyu akifa hatapata kilio kama hiki.

Mama-mukubwa peke yake hakucheka. Wakubwa wenzangu mtanielewa, kuna aibu ambayo kicheko cha watu hakiioshi, kinaikandamiza tu. Alikuwa amelia mbele ya avenyu nzima, amerudisha maneno yake mbele ya watu asiowajua, na sasa alijiona ametazamwa ndani. Alikifuta kikwembe. Akasema, kwa sauti ya kanisani, ile ya biskuti, “Bon. Hakuna kilio. Nitarudia kwangu.”

Mama alimshika mkono. Sikuwahi kumwona Mama akimshika mtu vile.

“Yaya. Ulisha kulia pa mulango yangu. Unataka nikufe kwanza kweli, njo uingie?”

Kicheko kilikatika. Wamama wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Mama-mukubwa alitazama lango letu, akatazama mti wa avoka uliokatwa matawi, nguo zetu kwenye kamba, shati la Papa likiwa katikati. Akautoa mkono wake katika mkono wa Mama, taratibu, si kwa ukali, akageuka kuelekea ubao. Mama hakumfuata. Aliingia ndani, na mimi nikajua kwamba hakutaka watu wamwone.

Mimi nilimfuata Mama-mukubwa. Nilikuwa duane, ilikuwa kazi yangu.

Alikuwa ameshakanyaga ubao wakati Papa alipotokea ng'ambo na gunia lake la matofali. Habari zilikuwa zimemkuta dukani kwamba kwake kuna kilio, naye alikuwa amekimbia na gunia begani, sijui kwa nini hakuliacha. Walisimama, huyu huku na huyu kule, katikati yao shimo.

Lazima mjue kwetu mukwe ni mtu wa namna gani. Mwanaume akikutana na mama-mkwe wake njiani, anaingia majanini, anageuza uso mpaka apite. Hawagusani, hawatazamani machoni. Na mama mzazi akishakufa, dada mkubwa wa mke ndiye anayekaa mahali pake. Kwa hiyo mbele ya Papa alisimama mama-mkwe wake, ambaye hakuwa amemwona karibu tangu siku ya ndoa, juu ya ubao mmoja usio na pembeni wala majani ya kuingia.

Papa alitua gunia. Akavua viatu, viatu vya dukani, vyeusi, akavipanga ukingoni. Halafu akashuka ndani ya shimo. Maji yalimfika magotini, udongo mwekundu ukapanda kwenye suruali. Akageuza uso upande, kama inavyotakiwa, akaushika ubao kwa mikono miwili usitikisike, ili apite.

Mama-mukubwa akapita. Watu wote waliokuwa wakicheka sasa walikuwa wakitazama. Kufika katikati, ubao uliteleza kwenye matope, akayumba, na mkono wake ukatafuta kitu cha kushika. Ukapata kichwa cha Papa. Wamama wakashika vinywa. Mtu hashiki kichwa cha mukwe wake. Papa hakusogea, hakuinua macho. Alibana tu ubao, shingo imekaza chini ya uzito ule.

Naye hakuuondoa mkono mara moja. Alisimama pale juu ya shimo, mkono kwenye nywele za Papa. Kisha akasema neno ambalo nilikuwa nimelisikia dukani tu, kwa wateja wa Kasai wanaokuja kusalimia mtu wa kwao. Ndiyo salamu yao.

“Moyo wenu, Baba.”

Papa angeweza kujibu kwa lugha yake, aliyesalimiwa alikuwa yeye. Alijibu kwa Kiluba cha kaskazini, jinsi mkwe anavyomjibu mkubwa wa kwao Mama.

“Eyo, vidye.” Ndiyo, ya heshima kubwa.

Mama-mukubwa akamaliza ubao, akakanyaga ng'ambo, na akaanza kwenda bila kugeuka. Lakini baada ya hatua chache alisimama, akasema kwa nguvu ili asikike, bila kumtaja mtu, kwamba mwanamke mwenye tumbo vile asionekane tena anabeba ndoo, na kwamba anakwenda kutwaa vikwembe vyake na sufuria yake ya uji, maana sufuria za watu wengine hazijui. Na huo ubao, akasema, jioni uwe umefungwa kwa kamba.

Nilikimbia. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo karibu na mbabula, jiko letu la makala, haoshi kitu, hapiki kitu. Nilimwambia yote kwa mara moja: viatu vya Papa, kichwa, sufuria ya uji. Hakushangaa kuhusu sufuria. Aliuliza nani alianza kusalimia.

Nikamwambia ni Mama-mukubwa.

“Alisema nini, na kinywa yake?”

Nikamwambia alisema moyo.

Mama alitazama moto. Halafu akanivuta karibu, akaniketisha kwenye paja dogo lililobaki chini ya tumbo lake, akaniomba niseme tena, vile vile alivyosema, na sauti yake.